Sokwe Hawana Hodi

Katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kuna kisiwa kiitwacho Ngamba. Wakazi wake ni sokwe yatima, walionusurika baada ya mama zao kuuawa na wawindaji, pamoja na watu wachache wanaowalisha na kuwatibu. Nawaanzia hapo, wanangu, kwa sababu kisiwani humo lilifanyika jaribio dogo ambalo kila nikiwasimulia vijana huzuka ubishi, nami naupenda ubishi wa aina hiyo.

Watafiti wawili, Victoria Horner na Andrew Whiten, walikuwa na sanduku lenye matundu mawili, moja juu na jingine mbele. Ndani kulikuwa na zawadi ya chakula. Mtu mzima alikaa mbele ya sokwe mchanga akamwonyesha namna ya kuipata. Aliondoa kizuizi cha juu, akachomeka kijiti katika tundu la juu, akagongagonga. Kisha akafungua kijimlango cha mbele, akachomeka kijiti tena, akatoa chakula. Sokwe alipopewa kijiti naye akafanya yote mawili, juu kisha mbele, akala.

Halafu likaja sanduku la pili, sawa na la kwanza kwa kila kitu, isipokuwa kuta zake zilionyesha ndani. Sasa mwenye macho aliweza kuona kwamba tundu la juu haliendi popote. Kijiti kinagota kwenye kibao kilichowekwa katikati, na chakula kiko chini, hakiguswi. Yule mtu mzima alirudia maonyesho yaleyale, akaanza na kugonga juu. Safari hii sokwe waliachana na habari za juu. Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele.

Watoto wa Uskoti wenye miaka mitatu na minne walipewa masanduku hayohayo. Lisiloonyesha ndani, waliiga yote. Linaloonyesha ndani, waliiga yote vilevile. Kibao kilikuwa wazi mbele ya macho yao, na bado waligonga juu kwanza kama walivyoonyeshwa. Mtu asiseme ni malezi ya Ulaya tu. Watafiti wengine baadaye walikwenda kwa watoto wa jamii za San huko Kalahari wakiwa na masanduku ya namna hiyo, na watoto wale pia waliiga hata kitendo kisicho na faida yoyote.

Hapo kijana mmoja hudakia: kumbe sokwe ana akili kutushinda! Mwingine humjibu kwamba haiwezekani, mbona sisi ndio tuliotengeneza sanduku. Mimi naamini kugonga kule kusiko na faida ndiko kunakotueleza sisi ni nani. Lakini siwezi kuwaonyesha hilo kabla hamjawafahamu sokwe wenyewe, maana watu wengi huzungumzia tofauti yetu na wanyama bila kumjua mnyama hata mmoja.

Twendeni Gombe. Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26, alishuka kwenye boti ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, akiwa na mama yake na mpishi. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini, daftari na subira isiyo ya kawaida. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia kila walipomwona. Wa kwanza kumzoea alikuwa dume mwenye ndevu za mvi, ambaye alimpa jina la David Greybeard. Wasomi wa wakati ule walimlaumu kwa kuwapa wanyama majina, wakataka awape namba. Hakuwasikiliza, na alifanya vyema, kwa sababu bila majina yale tusingewajua mmoja mmoja.

Novemba mwaka huohuo alimwona David ameketi kwenye kichuguu. Alikuwa amechuma unyasi, akauingiza polepole ndani ya tundu, akangoja, kisha akauchomoa. Mchwa walikuwa wameung'ang'ania kwa taya. Akaupitisha mdomoni, akatafuna. Sokwe wengine walionekana wakichukua kijiti chenye majani na kuyapurura kwanza, ndipo wakakitumia. Kupurura huko, ingawa ni jambo dogo, kulitikisa vitabu. Wenye elimu walikuwa wamezoea kusema kwamba mtu ndiye mnyama pekee atengenezaye zana. Louis Leakey, aliyempeleka Goodall kule Gombe, alipopata habari alisema kwamba sasa ama tubadili maana ya zana, ama tubadili maana ya mtu, ama tuwakubali sokwe kuwa watu.

Wengine wakasema sawa, mkono tunafanana, lakini moyo je? Gombe palikuwa na jike mzee aitwaye Flo, na mwanawe wa mwisho aliitwa Flint. Flo alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na umri wa miaka minane, umri ambao sokwe aweza kujitafutia chakula mwenyewe. Lakini alikaa karibu na mahali mama yake alipofia, akakataa kula, akajitenga, akaugua. Wiki chache baadaye naye alikufa. Mwaka 1987 homa ya mapafu iliwaua sokwe kadhaa hapohapo Gombe, ikamwacha yatima mtoto wa miaka mitatu na ushei aitwaye Mel. Hakuwa na kaka wala dada wa kumlea. Aliyemchukua ni Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili asiye na udugu naye. Alimbeba mgongoni, akampa chakula alipoomba, usiku akamkaribisha katika kiota chake. Mel akapona. Sijui mtu anayeweza kuisikia habari ya Spindle kisha akasema wanyama hawana huruma.

Ujanja nao wanao. Mwaka 1964 kulikuwa na dume wa cheo cha chini aitwaye Mike. Kambini palikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa. Mike aligundua kwamba ukiyagonganisha na kuyaburuta yanatoa kishindo cha kutisha, basi akawa anayasukuma mbele yake huku akiwakimbilia wakubwa. Wote wakatawanyika. Mkubwa wao, dume mwenye mwili na nguvu aitwaye Goliath, alipoteza nafasi yake kwa sababu ya madebe. Likumbukeni jina la Goliath, tutakutana naye tena.

Mwingine atataja miguu. Kutembea kwa miguu miwili ni jambo letu kweli, lakini hilo tulianza zamani sana, kabla hatujawa na akili za kujivunia. Pale Laetoli, kusini mwa Olduvai, kikundi cha Mary Leakey kilikuta mwaka 1978 nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Mmoja wa waliopita pale alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia. Miguu yao ilifanana sana na yetu. Ubongo wao ulikuwa kama theluthi ya wetu, yaani haukupita sana ule wa sokwe. Na ukipima vinasaba, sisi na sokwe tunalingana kwa karibu asilimia 99.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Nitawaonyesha mahali ninapoiona mimi.

Sokwe wa Gombe hawazaliwi wakijua kuvua mchwa. Wanajifunza. Watoto wa kike hukaa karibu na mama, humtazama kwa makini, na kwa kawaida huweza kazi hiyo zaidi ya miaka miwili kabla ya watoto wa kiume, ambao muda huohuo wanabingirishana chini. Mama humwachia mwanawe atazame, hata amnyang'anye kijiti, lakini hamshiki mkono akamwonyesha. Kule Goualougo, nchini Jamhuri ya Kongo, mama sokwe wameonekana wakiwapa watoto wao vijiti vilivyo tayari, na huo ni mwanzo wa kufundisha. Desturi nazo wanazo. Katika milima ya Mahale, kusini mwa Kigoma, ambako Toshisada Nishida wa Japani alianza utafiti mwaka 1965, sokwe wawili wanaotoana uchafu mwilini huinua kila mmoja mkono wake juu na kushikana. Wenzao wa Gombe hukaa vingine. Wote ni sokwe, wa ziwa moja, na desturi ni mbili.

Lakini unyasi alioutumia David Greybeard mwaka 1960 ndio unaotumiwa Gombe mpaka leo. Hakuna aliyeongeza kitu juu yake. Kila sokwe anaanza palepale mama yake alipoanzia, anatazama, anajaribu, anaelewa, na akishaelewa basi. Akili yake inamtosha kwa yale anayoweza kuyaona mwenyewe.

Sasa mtazameni mtoto wa mwaka mmoja, ambaye hajajua kusema. Ananyoosha kidole kuelekea mwezini, halafu anageuka kukutazama wewe. Haombi apewe mwezi. Anataka uuone kama anavyouona yeye, na ukisema "ee, mwezi huo!" anaridhika. Sokwe wa porini huomba chakula kwa mkono, huonya kwa sauti, huita. Kumwonyesha mwenzake kitu ili tu wakitazame pamoja ni jambo ambalo kwao ni nadra mno. Mtoto wetu analifanya kila siku kabla hata ya kuota meno yote. Amekuja duniani akitarajia kwamba wengine wana kitu cha kumwonyesha, na yeye ana kitu cha kuwaonyesha.

Ukifika Kigoma utaandaliwa ugali wa muhogo kwa migebuka au dagaa. Nataka tuukalie huo ugali kidogo, kwa sababu ndani yake mna jibu la lile sanduku.

Muhogo mchungu una sumu. Ukiukatakata au kuusaga, kunatokea sianidi, sumu kali ambayo mmea huitumia kujilinda na wadudu na wanyama. Ili mtu aule salama, anaumenya, anauloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike na kutoa harufu, anauanika juani mpaka ukauke, ndipo anautwanga au kuusaga kuwa unga. Mwanamke anayefanya kazi hiyo kandokando ya ziwa huenda hajawahi kulisikia neno sianidi. Binti yake akimwuliza kwa nini siku zote hizo, atajibiwa kwamba ndivyo bibi yako alivyonifundisha.

Hebu fikirini kama binti huyo angekuwa na akili ya wale sokwe wa Ngamba. Angesema: nitaloweka siku moja, nione. Angekula, angeshiba, angelala na kuamka mzima. Angerudia kesho na keshokutwa, na kila siku macho yake yangemthibitishia kwamba zile siku nyingine tatu zilikuwa kazi bure. Madhara huja baada ya wiki nyingi. Asubuhi moja mtu anaamka miguu imekakamaa, hawezi kutembea ila kwa ncha za vidole, na haponi tena. Ugonjwa huo huitwa konzo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwashika watu zaidi ya elfu moja katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 uliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara. Si kwamba hawakujua kuuandaa muhogo. Njaa ilikuwa imewabana, chakula kingine hakipo, mwili umekosa protini za kupunguza makali ya sumu, na mtoto anayelia kwa njaa hangoji siku nne. Hatua zikafupishwa.

Kwa hiyo muhogo ni sanduku lisiloonyesha ndani. Hakuna mtu mmoja, hata angekuwa na akili kiasi gani, ambaye angekaa peke yake akagundua siku za kuloweka kwa kutazama tu. Maarifa hayo yalikusanywa na wenyeji wa Amerika Kusini kwa maelfu ya miaka, kwani muhogo ni mmea wa huko. Wareno waliuleta Afrika kuanzia karne ya 16, na watu wa huku wakaongeza njia zao wenyewe juu yake. Aliyekufa aliacha neno, aliyefuata akaliamini, akaongeza lake. Sehemu kubwa ya chakula, dawa, nyumba na mitumbwi yetu imetufikia kwa njia hiyo. Mtoto wa miaka mitatu anayegonga juu ya sanduku anafanya jambo lililowaokoa babu zake mara nyingi. Anaona mtu mzima amegonga, anadhani iko sababu asiyoijua, anagonga. Sokwe anaamini macho yake. Mtoto wa mtu yuko tayari kumwamini mwenzake kuliko macho yake.

Naona baadhi yenu mmeshtuka, na mna haki ya kushtuka, kwa sababu aliye tayari kuamini asichokiona anaweza kulishwa uongo. Uwezo ni huohuo mmoja, hatuna mwingine kwa ajili ya mambo mema tu. Mtoto anayeiga kuloweka muhogo ataiga pia chuki za wakubwa wake. Kanda ya Ziwa, nchini kwetu Tanzania, ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga matapeli walieneza neno kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Waliotumwa kuua hawakuona utajiri wowote ukitokea. Walisikia, wakaamini, wakaenda. Hakuna sokwe anayeweza kuua kwa sababu ya hadithi. Sisi tunaweza, na tumefanya, na mtu anayewasimulia vijana habari za ubora wa mwanadamu akalificha hilo anawadanganya.

Kwa hiyo nawaomba mkae na macho ya sokwe pia. Sanduku likiwa linaonyesha ndani, tazameni. Mwulizeni bibi sababu ya kila hatua. Akiijua atawaeleza kwa furaha, na asipoijua, itafuteni sababu kabla ya kuiacha hatua yenyewe. Sianidi ya muhogo ilikuja kujulikana na watu waliouliza hivyo.

Sasa turudi kwa Goliath.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii ya sokwe wa Gombe iligawanyika. Wengine walibaki kaskazini, katika bonde la Kasakela, na wengine wakahamia kusini, bonde la Kahama. Goliath, ambaye sasa alikuwa mzee, alikuwa upande wa kusini. Januari 1974 madume wa Kasakela walishuka kusini kimyakimya wakamkuta Godi, dume wa Kahama, akila peke yake. Walimshika, wakampiga na kumng'ata kwa muda wa kama dakika kumi, wakamwacha. Aliyeyaona hayo kwa macho yake ni Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa kiongozi wa wafuatiliaji wa sokwe pale Gombe. Godi hakuonekana tena. Mwaka 1975 ikawa zamu ya Goliath, na waliomuua walikuwa wale aliokula na kulala nao miaka mingi. Ilipofika 1978 hapakuwa na dume wa Kahama aliyebaki hai. Goodall aliandika kwamba habari hizo zilimsumbua usiku; alikuwa amewadhania sokwe kuwa wapole kuliko sisi.

Kwa sokwe, dume wa jamii nyingine ni adui siku zote. Madume hupita mpakani kwa mstari, hawapigi kelele, hunusa ardhi, husimama kusikiliza. Wakimkuta mgeni yuko peke yake nao ni wengi, ameumia. Hana la kufanya wala la kusema ili apokelewe.

Sisi tuna hodi. Mtu ambaye hujamwona tangu uzaliwe anafika nje ya nyumba yako, anasimama, anapaza sauti, anangoja. Hachungulii ndani. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, anaondoka zake. Akijibiwa karibu, anavua viatu, anaingia, anapewa kiti na maji ya kunywa kabla hajaulizwa shida yake. Sokwe hawana hodi. Hawana namna ya kumwambia mwingine kwamba nimekuja kwa heri, wala hawana cha kuwafanya waamini kama angesema.

Hata hivyo msiupokee mpaka huu kama wenye elimu wa zamani walivyoipokea mipaka yao. Kusini mwa Mto Kongo, katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaishi bonobo, ndugu wa sokwe ambao nao wako karibu nasi sawasawa na sokwe. Kule Kokolopori kundi moja la bonobo likikutana na kundi jingine, mara nyingi hukaa pamoja kwa saa nyingi na hata siku kadhaa, wakatoana uchafu, na wengine wakagawana matunda na wasio wa kundi lao. Wao wameukaribia mlango huo. Lakini hata bonobo huwafanyia hivyo majirani walio mbele ya macho yao, wanaowanusa na kuwagusa. Hawajawahi kumtumia msaada bonobo wa mbali waliyesikia tu habari zake.

Kaskazini mwa Gombe, msitu ukiisha na kabla ya kufika mpaka wa Burundi, kuna kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Mwezi Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalizuka Burundi, na mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu wakamiminika katika kijiji hicho kidogo kwa miguu na kwa mitumbwi, wakawa wanalala ufukweni. Walifukuzwa na watu wenzao. Yote niliyoyasema kuhusu uongo na chuki yalikuwa nyuma yao. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inawapakia mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma, na wengi wao wakafikishwa kambi ya Nyarugusu, ambayo tangu 1996 ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa Kongo. Waha wa Kigoma na Warundi husikilizana lugha, lakini baharia wa Liemba hakuwajua abiria wale kwa majina, na hakuna sokwe dume aliyewahi kuvuka mpaka wa wenzake akapokelewa hivyo.

Tazameni pia walivyotibiwa. Mwenye kipindupindu hufa kwa kuishiwa maji, na maji matupu hayamsaidii, yanapita tu. Ukiyatia chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, sukari huufanya utumbo uifyonze ile chumvi, na chumvi huvuta maji yaingie mwilini. Jambo hilo halionekani kwa macho hata kidogo. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bongaon wakati kipindupindu kikiua pande zote. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikapungua mno. Mchanganyiko huo umeenea dunia nzima, uko katika zahanati zetu, na ulifika ufukweni Kagunga katika vipakiti vidogo.

Mama wa Kirundi aliyepewa kikombe hakuona sukari ikifanya kazi. Alikuwa na sababu zote za kutomwamini mtu yeyote, kwani majirani zake mwenyewe walikuwa wamemkimbiza. Alimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko kama alivyoelekezwa, na mchana kutwa akaendelea. Hakuhitaji kumjua Mahalanabis. Ilitosha kwamba aliyemkabidhi kikombe alifundishwa na mtu, aliyefundishwa na mtu, aliyekuwa Bongaon.